Ukiachia mafuta ekzosi inalipuka: majibu kwa wenye magari ya spoti ya kabureta

Safari hii barua zimekuja na kilio kimoja. Wengi mnaouliza mna magari ya spoti ya miaka ya 60 na 70, yale ya kabureta mbili na pointi ndani ya distribyuta, na mnasema ukiondoa tu mguu kwenye mafuta, huko nyuma kunapigwa baruti. Nimechagua maswali saba. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mengine yanaliegemea.

Nairobi: Fundi, nina Datsun 240Z ya 1972. Nikiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kuanzia mizunguko kama 3,500 kushuka, ekzosi inapiga pa! pa-pa! Nimebadilisha plagi na waya zake. Fundi wangu akakaza nati za kabureta, kishindo kikazidi. Nianzie wapi?

Anza nyuma uje mbele. Kabureta ziache kwanza, na mwambie fundi wako naye aziache.

Sababu ni hii. Unapoachia mafuta, magurudumu bado yanaizungusha injini. Vipepeo vya kabureta, vile visahani vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, vimefunga, lakini pistoni zinaendelea kuvuta kwa nguvu. Mvuto ndani ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayopeleka hewa na mafuta kwenye silinda, unapanda kupita hata ule wa injini ikinguruma gari limesimama. Kinachoingia kwenye silinda ni kidogo mno, tena kimechanganyika na moshi uliobaki wa mzunguko uliotangulia. Cheche inaruka, moto haushiki, au unashika nusunusu. Petroli ambayo haikuungua inasukumwa kwenye ekzosi. Mara nyingi inapita kimya au kwa mnong'ono, kwa kuwa imejaa moshi na hewa yake ni chache. Lakini ikikutana na hewa safi ndani ya bomba la moto, silinda inayofuata ikawaka vizuri na kurusha mwali, hapo ndipo unaposikia risasi.

Kwa hiyo mafuta mabichi yapo, na joto lipo. Swali la kujiuliza ni hewa inaingilia wapi. Watu hudhani ekzosi inayovuja hutoa moshi tu. Si kweli. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, msukumo ndani ya bomba hushuka chini ya ule wa nje, na kila tundu linageuka kuwa pua. Tundu ambalo hulisikii ukiwa umekanyaga mafuta ndilo linalokulipua ukiyaachia.

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Iwashe, kisha mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kilicholowa maji, asikibane sana. Wewe inama upitishe mkono karibu na kila kiungo, usiguse: pale manifoldi inaposhikana na bomba la kushuka, kwenye kila klempu, kwenye mishono ya sailensa. Utasikia fyuu. Tafuta pia michirizi ya masizi meusi, masizi hayasingizii.

Sasa 240Z ina ugonjwa wake wa ukoo. Kwenye injini ile ya L24, manifoldi ya hewa na ya ekzosi zote ziko upande mmoja wa silinda hedi, na zinatumia gasketi moja ndefu. Washa nene zinakanyaga pande zote mbili kwa wakati mmoja: nusu ya washa iko juu ya sikio la manifoldi ya hewa, nusu juu ya sikio la ekzosi. Masikio yakiwa na unene tofauti, labda kwa sababu moja lilisawazishwa kwa mashine na jingine likaachwa, au mtu alifunga hedasi za dukani, yaani mabomba ya ekzosi badala ya manifoldi ya kiwandani, washa inalala upande. Unakaza nati mpaka jasho linakutoka, na upande mmoja bado umelegea. Weka rula ya chuma juu ya masikio mawili yaliyo jirani. Mwanga ukipita chini yake, umempata mwizi. Dawa ni kusawazisha manifoldi zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja, au kuchonga washa zenye ngazi.

Halafu angalia boliti ya mwisho kabisa kule nyuma, silinda ya sita, karibu na ukuta wa dereva. Ekzosi ya chuma cha kumwaga hupanuka na kusinyaa miaka nenda miaka rudi, inajikunja, na boliti hiyo ndiyo hukatika mara kwa mara. Iguse kwa kidole. Wengi hukuta nati inazunguka pamoja na kipande cha boliti, haijashika chochote.

Ukishaziba nyuma, njoo kwenye uvujaji wa upande wa hewa. Hapa hewa ya wizi inaufanya mchanganyiko wa hewa na mafuta uwe mwepesi, yaani mafuta haba, moto unashindwa kushika, na petroli inayokwenda nyuma inaongezeka. Bana kwa koleo mpira unaokwenda kwenye servo ya breki, kile kisaidizi cha kukanyaga breki. Ngurumo ikibadilika, servo au mpira wake unavuja. Shika mhimili wa kipepeo wa kila kabureta uutikise juu na chini. Ukicheza sana, hewa inapita pembeni yake. Wengine hupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo ili wasikie injini ikibadilika. Kwenye 240Z sikushauri. Manifoldi ya ekzosi iko chini kabisa ya kabureta, nyekundu kwa joto, na wewe unamwaga petroli juu yake! Tumia ukungu wa maji kutoka kwenye chupa ya kupulizia nguo, lenga viungo vya manifoldi ya hewa tu. Injini ikitikisika au ikabadili sauti, maji yamevutwa ndani.

Kisha toa plagi zote sita uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Zote zikiwa kahawia hafifu, mchanganyiko ni mzuri. Zote nyeupe, mchanganyiko ni mwepesi. Tatu za mbele nyeupe na tatu za nyuma kahawia, kabureta zako mbili hazilingani, kwani kila moja inalisha hasa silinda zake tatu. Moja tu nyeupe, rudi kwenye gasketi ya silinda ile.

Kuhusu kukazwa kwa kabureta: kwenye kabureta zako hizo za Hitachi, nati ya chini ukiipandisha unapunguza mafuta. Fundi wako alidhani anaondoa petroli ya ziada, kumbe alikausha mchanganyiko uliokuwa mkavu tayari, na kishindo kikamjibu. Irudishe mahali pa kuanzia, yaani ipandishe mpaka juu kabisa kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, na kabureta zote mbili ziwe sawa. Marekebisho ya mwisho yafanyike injini ikiwa imepata moto wake kamili.

Na usikate tamaa na gari hilo. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, kwenye matope na vumbi ambavyo hakuna barabara ya leo ya Nairobi itakayoliletea.

Iringa: Shikamoo Fundi. Nina Datsun 1600SSS ya marehemu baba. Nikishuka Kitonga kwa gia ya tatu bila mafuta, inakoroma na kupiga vishindo vidogo mpaka chini. Je, ni hatari? Niweke gia huru?

Marahaba, mwanangu. Gia huru Kitonga usithubutu. Malori yanayokwenda mbele yako yanatoa moshi kwenye breki, nawe unataka kuachia injini iliyokuwa ikikusaidia kushika gari?

Mkoromo laini kwenye mteremko mrefu ni tabia ya kabureta. Magari ya sasa yenye sindano za mafuta yanajua umeachia, kompyuta inakata petroli kabisa. Kabureta haina akili hiyo. Njia yake ndogo ya mafuta, ile inayolisha injini gari likiwa limesimama, inaendelea kutoa petroli kwa sababu mvuto upo. Kiasi fulani kitafika nyuma bila kuungua. Sauti kama mtu anayesafisha koo, iache. Sauti ya kukufanya ugeuke kutazama, itafute kwa njia niliyomwandikia mwenzako wa Nairobi. Vishindo vikubwa hupasua mishono ya sailensa, na sailensa ikishapasuka hewa inaingia zaidi, kwa hiyo ugonjwa unajilisha wenyewe.

Jambo moja la ziada kwako, kwa kuwa huenda gari la marehemu lilikaa bila kuendeshwa: pima tapeti, yaani pengo la valvu, kabla ya kitu kingine. Valvu ya ekzosi isiyofunga sawasawa inapitisha moto moja kwa moja kwenye bomba.

Leicester, Uingereza: Nimenunua MGB ya 1971 iliyorudishwa huku kutoka Marekani. Inalipuka kama bunduki kila nikibadilisha gia. Kuna pampu imefungwa mbele ya injini yenye mkanda wake, na mipira inayokwenda kwenye silinda hedi. Jirani yangu ana MGB ya mwaka huohuo na hana kitu hicho. Ni nini?

Hiyo ni pampu ya hewa. MGB za soko la Marekani zilianza kufungwa pampu hizo mwisho wa miaka ya 60 kwa ajili ya sheria za moshi za kule. Za Uingereza hazikuwa nayo, ndiyo maana jirani anakushangaa. Kazi yake ni kupuliza hewa safi kwenye matundu ya ekzosi ili petroli iliyobaki iungue huko huko.

Soma tena jibu la kwanza. Nimesema kishindo kinataka hewa safi ndani ya bomba. Wewe una mashine ya kuipeleka!

Waliotengeneza gari walilijua hilo, wakaweka valvu ya kumeza hewa, yenye mpira mwembamba kwenye manifoldi ya hewa. Ukiachia mafuta ghafla, mvuto unaifungua kwa muda mfupi, inameza hewa kutoka kwenye pampu na kuiingiza upande wa manifoldi ya hewa, ili ule ukungu mzito wa petroli unaokauka kwenye kuta za manifoldi upunguzwe makali. Utando wa ndani ukichanika baada ya miaka 50, au mpira wake mwembamba ukipasuka, valvu haimezi. Mchanganyiko mzito unakwenda nyuma mbichi, unakuta hewa ya pampu inaungoja.

Jaribio lake ni dogo. Legeza mkanda wa pampu uutoe, endesha gari kidogo, achia mafuta. Kishindo kikiisha, shida ni mfumo huo, na valvu ya kumeza ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kisipoisha, rudi kwenye viungo vya ekzosi. Mkaguzi wa gari lenye umri huo huko uliko hatakuuliza pampu, kwa hiyo wengi huivua yote na kuziba matundu ya hedi kwa boliti za saizi yake. Wakiacha tundu moja wazi, au boliti haijakaza, wanaongeza ugonjwa badala ya kuuponya.

Tazama pia vipepeo vya kabureta zako za SU. Kwenye magari ya miaka hiyo baadhi ya vipepeo vina kivalvu kidogo chenye springi katikati ya sahani, kinachofunguka ukiachia mafuta ili mchanganyiko kidogo upite na moto usizime. Springi ikichoka, injini inanguruma juu gari likiwa limesimama na hakuna skrubu inayoishusha. Vipepeo visivyo na kivalvu vinauzwa; vinakaa palepale.

Na petroli yenu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hubeba oksijeni ndani yake, hivyo mchanganyiko uliowekwa kwa petroli ya zamani unakuwa mwepesi kidogo, na mipira ya zamani inaliwa. Kwa gari hili jaza ile ya bei ya juu ya E5, na badilisha mipira yote ya mafuta hata kama inaonekana nzuri kwa nje.

Muscat: Langu ni Alfa Romeo 1750 GTV, kabureta mbili za Weber. Linatema kupitia kabureta, nasikia fup! fup! chini ya boneti, si nyuma. Ni tatizo lilelile?

Sivyo. Kinachotemea mbele kina njia yake. Kwa Weber za aina yako, na kwa vumbi la huko, fungua kofia ndogo ya duara juu ya kila kabureta, toa jeti za mwendo mdogo, zitazame kwenye mwanga. Tundu lake ni jembamba sana na punje moja inatosha kuliziba. Puliza kwa hewa, usichokonoe kwa waya, utalipanua. Koo moja ikiziba, silinda moja inakosa mafuta kwenye mzunguko wa chini, inatema mbele unapokanyaga na inaweza kulipuka nyuma unapoachia. Safisha na sufuria za petroli za kabureta pia, maana punje haikuja peke yake.

Mombasa: Kabureta zangu za SU zilisetiwa na fundi mzuri sana Nairobi. Zilikuwa tamu. Nimeshuka nazo pwani, sasa nikiachia mafuta zinalipuka. Fundi huyo alinidanganya?

Hakukudanganya, alisetia hewa ya Nairobi. Jiji lile liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya Mombasa. Kabureta haijui kupima uzito wa hewa. Mchanganyiko uliokuwa sawasawa kule juu unakuwa na mafuta haba huku chini.

SU ina jaribio zuri ambalo halihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imepata moto, nyanyua pistoni ya kabureta kwa kipini chake cha pembeni, chini ya milimita moja, kiasi cha ukucha tu. Injini ikipandisha mizunguko na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikilegea na kutaka kuzima, mafuta ni haba. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha hapo. Kwako nadhani italegea. Shusha nati ya chini upande mmoja wa pembe zake sita, jaribu tena, na kabureta ya pili ufanye vilevile. Ukipanda tena Nairobi, hesabu ulizungusha pembe ngapi, zirudishe. Madereva wa zamani wa barabara hiyo walifanya hivyo pembeni ya njia, spana mfukoni.

Kabla ya hapo, hakikisha zile sufuria za juu zina mafuta ya kulainisha ndani ya fimbo zake. Zikikauka pistoni inaruka, na hakuna seti itakayokaa.

Eldoret: Gari lilikuwa linagonga likipanda kilima. Fundi akarudisha taiming'i, yaani wakati wa cheche, nyuma. Kugonga kumeisha, ila sasa ekzosi inalipuka na bomba linakuwa jekundu usiku.

Amekuhamishia moto. Cheche ikichelewa, mafuta bado yanaungua valvu ya ekzosi inapofunguka, na moto unamalizikia kwenye bomba. Wekundu unaouona ni huo. Usiendelee kuliendesha hivyo, valvu za ekzosi zitaungua.

Rudisha taiming'i kwenye namba ya kitabu cha gari lako kwa kutumia taa ya taiming'i, si kwa sikio. Kisha tafuta kwa nini lilikuwa linagonga. Toa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta, ufyonze kwa mdomo na uzibe kwa ulimi. Sahani ya pointi inapaswa kusogea na kubaki ilipo. Ikirudi yenyewe, utando umepasuka. Fungua pia uzito wa chini ya sahani, ule unaowahisha cheche mizunguko ikipanda. Kwenye magari yaliyokaa huwa umeganda kwa kutu. Na pima pengo la pointi, kwani pointi zilizolika hubadilisha taiming'i bila mtu kugusa distribyuta.

Kama injini yako ina hedi ya chuma cha kumwaga isiyowekewa viti vigumu vya valvu, jua pia kwamba petroli yenye madini ya risasi iliondoka kwetu tangu mwanzo wa 2006. Bila risasi hiyo viti laini vinalika, valvu inazama, na pengo la tapeti linajifunga kimyakimya. Lipime mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Thika: Shikamoo mzee. Mimi ninataka gari langu la kabureta lilipuke makusudi kama Subaru za vijana. Ninaweza?

Marahaba. Subaru hizo zinaamriwa na kompyuta kumwaga petroli na kuchelewesha cheche. La kwako litakulazimu kuharibu mchanganyiko, kutoboa bomba au kurudisha taiming'i nyuma, yaani magonjwa yote ya ukurasa huu kwa pamoja. Valvu za ekzosi na sailensa ndizo zitakazolipa.

Na kama umeshafanya, maana swali lako limekuja na harufu hiyo, shusha sailensa uitikise. Ikiwa kimya na mshono wa nje tu ndio umefunguka, mchomeleaji ataifunga. Ikisikika njuga ndani, vizuizi vimeng'oka. Nunua nyingine, na uifunge baada ya kuondoa chanzo cha vishindo.